Mtaa wa Ngazi Hauna Mkazi

Kama kuna mtu aliyeupanga mji wa Kisii, basi aliifanya kazi hiyo akiwa na haraka ya kwenda kwingine. Mji umebandikwa ubavuni mwa mlima, maduka yamepandana, na magari yanatafuta pa kusimama kuanzia saa moja asubuhi hadi jioni. Ndani ya msongamano huo kuna Mtaa wa Ngazi, ambao hauna ngazi hata moja. Una mwinuko tu. Yasemekana jina lilitolewa na mtu aliyeupanda akiwa na gunia la mahindi begani, akafika juu, akatua mzigo, na kuuliza kwa nini hawakuweka ngazi.

Huko juu kabisa, nyuma ya mlango wa kijani, anaishi Nyamoita. Ana miaka sitini na mmoja, goti moja bovu, mashine mbili za kufuma, na gari, Probox nyeupe ambayo zamani ilikuwa nyeupe zaidi. Kazi yake ni kufuma sweta za shule. Nusu ya watoto wa mji huo wamewahi kujifutia kamasi kwa mikono ya sweta alizozifuma yeye, na hilo humpa fahari ambayo haifichi. Probox aliipata kwa sweta hizo hizo. Alijifunza kuendesha akiwa na miaka hamsini na minne, na mwalimu wake wa udereva aliacha kazi wiki ya tatu akaenda kufuga kuku.

Mumewe anaitwa Manasseh. Alikuwa karani wa kupima majani ya chai upande wa Itumbe, mtu wa kalamu mbili mfukoni, ambaye wakulima walimwogopa kuliko mvua ya mawe kwa sababu mizani yake haikuwahi kumwonea mtu huruma. Sasa amestaafu, na figo zake zikaamua kustaafu naye. Kila Jumatatu na Alhamisi Nyamoita humpeleka hospitalini kusafishwa damu kwenye mashine. Anapoenda huwa mtu. Anaporudi huwa shati lililokamuliwa.

Hapo ndipo habari ya pakingi inapoingia, na wewe usiicheke kwanza.

Gari likisimama mbele ya mlango wa kijani, Manasseh ana hatua sita za kutembea hadi mlangoni. Nafasi ile ikiwa imechukuliwa, Nyamoita hulazimika kuliacha gari kule chini kwenye kinu cha kusagia mahindi, na mzee apande mlima kwa miguu. Ni hatua mia mbili na kumi na nne. Alizihesabu mwenyewe, karani ni karani hata akiwa anakufa. Pumziko la kwanza ni kwa fundi wa viatu, la pili ni kwenye bucha, la tatu ni popote atakapoangukia. Pale kwenye bucha hutolewa kigoda, na kila mtu aliye kwenye foleni ya nyama humwambia pole. Manasseh hachukii kitu duniani kama pole.

Na nafasi ile huchukuliwa karibu kila siku. Mtaa uko hatua chache kutoka sokoni na benki, kwa hiyo mtu akikosa pa kuegesha huko chini, anapandisha kwa akina Nyamoita kana kwamba barabara imejengwa kwa ajili ya mkutano wake. Wakazi wamejaribu kila njia. Mogaka, mwenye duka la misumari na mabati, huweka mawe. Mkewe Kwamboka aliweka beseni la nguo zilizolowekwa, akijua hakuna mwanamume atakayegusa beseni lile, na akapata mwanamume aliyeligusa. Nyamoita aliweka kiti kibovu. Bwana mmoja mwenye tai akakiinua kwa adabu, akakiegemeza ukutani, akaegesha, kisha akamwambia, "Asante mama kwa kuniwekea. Nichungie gari kidogo." Akarudi saa tisa.

Siku ya bwana mwenye tai ndiyo siku ya mkokoteni. Manasseh alifika kwa fundi wa viatu akakaa chini, na miguu ikakataa kata kata kuendelea. Wabebaji wawili wa sokoni waliokuwa wakipandisha mzigo wakamhurumia. Wakamweka juu ya mkokoteni wao, kati ya kabichi na gunia la makaa, wakamsukuma hadi mlango wa kijani huku wakipiga mluzi watu wapishe. Walifanya wema, na hakuna anayekataa. Lakini walipopita kwenye bucha, mama mmoja mgeni alisimamisha mkokoteni akauliza kabichi ni bei gani, na akamwomba mzee asogee kidogo achague.

Manasseh hakusema neno siku mbili. Siku ya tatu alisema moja.

"Mama Linda," akamwambia mkewe, "siku nyingine nikipandishwa kwa mkokoteni, iwe nishakufa."

Nyamoita alidhani ni hasira za kupita. Alhamisi iliyofuata mzee alichungulia dirishani, akaona gari la mtu asiyemjua limetulia mbele ya mlango, akavua viatu akarudi kitandani. Mkewe alibembeleza, akafoka, akalia. Hakwenda. Kufikia Sabato uso ulikuwa umevimba hadi macho yakawa mistari miwili, na pumzi inakuja kwa kusukumwa. Jumatatu Nyamoita aliamka kabla ya jogoo, akaegesha Probox mlangoni, akamtoa kwa nguvu. Daktari alimwita kando akamwambia mzee akikosa mashine mara mbili mfululizo, asije kulaumu mtu. Nyamoita aliogopa. Aliogopa hivi kwamba alifuma sweta nzima yenye mkono mmoja mrefu kuliko mwingine na hakuona mpaka mteja alipokuja kuichukua.

Sasa utaelewa alivyofurahi Purity alipotokea.

Purity alikuwa binti wa ofisi ya maegesho, mwenye koti la rangi ya machungwa linalong'aa na sauti ya kuamsha mtaa. Alipanda mlima bila kuhema, jambo lililowaudhi wengi, akatangaza kwamba ofisi imeamua mitaa yenye msongamano itengewe nafasi za wakazi. Mtaa wa Ngazi ungepata nafasi kumi, zichorwe rangi ya njano na nambari. Mwenye kuishi hapo atapewa stika ya kubandika kwenye kioo. Asiye na stika akiegesha, gurudumu linafungwa cheni.

"Hata kama ana tai?" Nyamoita akauliza.

"Mathe, hata kama ana tai mbili."

Nyamoita alitaka kumbusu. Purity akagawa fomu, nyumba thelathini na moja, akasema atapita kesho kuzichukua.

Fomu ilikuwa fupi. Jina, nambari ya simu, nambari ya gari, na mstari mmoja wa mwisho: mahali pa makao ya kudumu. Mstari huo ndio uliowaangusha.

Hakuna mtu anayeishi Kisii mjini. Utawaona wengi, wanapika, wanazaa, wanagombana na wenye nyumba, wanazeekea pale, lakini waulize. Mmoja ni wa Nyamache, mwingine ni wa Ikonge, mwingine ni wa kule Itumbe kwenye chai. Mjini wamejishikiza tu, wanatafuta, wakimaliza watarudi. Nyumbani ni pale palipo na shamba la baba, migomba, na kaburi la babu, na mwanamume anayekubali mbele ya watu kwamba makao yake ni chumba cha kupanga huonekana amepotea, ameuza shamba, au amefukuzwa na nduguze. Mogaka alizaliwa kwenye Mtaa wa Ngazi, ndani ya duka, juu ya kaunta, na aliandika Nyamache kwa herufi kubwa bila kuwaza.

Manasseh na Nyamoita walikuwa na nyumba Ikonge, ya matofali, yenye bati la buluu. Ina sebule na viti saba vilivyofunikwa vitambaa, na popo. Hulalwa usiku tatu kwa mwaka, Krismasi na kwenye misiba. Mzee alichukua kalamu yake bora, akaandika Ikonge, akaongeza na nambari ya kituo cha kununulia chai, ili asichanganywe na mtu mwingine. Kisha akavuta fomu ya mkewe, kwa kuwa gari lilikuwa kwa jina la mkewe, akaijaza nayo. Ikonge. Nyamoita aliisoma, akaona mwandiko ni mzuri, akatia sahihi.

Wiki mbili baadaye tangazo lilibandikwa kwenye mlingoti wa stima. Watu wakajazana. Mogaka ndiye aliyesoma kwa sauti, na sauti ikawa inapungua kadiri alivyosoma. Baada ya kuchunguza fomu thelathini na moja zilizorejeshwa, ofisi imebaini kwamba Mtaa wa Ngazi hauna mkazi. Kwa hiyo nafasi kumi zitaachwa wazi kwa matumizi ya wageni wa mji. Mwenye pingamizi afike ukumbini Jumanne ijayo.

"Hauna mkazi kivipi?" Kwamboka aliuliza, akiwa na mtoto wa mwanawe mgongoni na sufuria mkononi. "Na mimi ni nini? Mzimu?"

Wakamwandama Purity. Alikuja na faili lake, maskini, akawasomea fomu moja moja mbele ya bucha. "Nyamache. Nyamache. Ikonge. Itumbe. Ikonge. Huyu ameandika na mto wenye uko karibu. Sasa mnataka niseme nini? Mnaambia ofisi hapa hakuna mtu anaishi, alafu mnataka pakingi ya wenye wanaishi!"

"Lakini unatuona," Mogaka alisema.

"Nawaona, baba. Lakini nyinyi ndio mmekataa." Akafunga faili. Njia ilikuwa moja, akawaeleza: mtu asimame ukumbini Jumanne, aape kwamba makao yake ya kudumu ni Mtaa wa Ngazi na si kwingine. Itaandikwa, itapigwa mhuri, na stika itatoka siku hiyo hiyo.

Wanaume wakatazamana. Kisha kila mmoja akakumbuka ana shughuli.

Nyamoita alirudi nyumbani akiwa na tumaini lote. Alimkuta Manasseh ameketi kitandani, habari zimemtangulia.

"Utasimama useme," akamwambia. "Maneno matano. Mimi naishi Mtaa wa Ngazi. Nitakushika mkono."

"Siwezi."

"Baba Linda, ni karatasi ya pakingi!"

"Ni karatasi yenye mhuri." Akamwangalia kwa yale macho yaliyovimba. "Onchiri akipata karatasi yenye mhuri inasema mimi si wa Ikonge, shamba limeenda. Na mimi nikifa watanizika wapi? Hapa kwa pakingi, chini ya namba nne?"

Onchiri alikuwa ndugu mdogo wa Manasseh, mtu wa tabasamu pana. Aliichuma chai ya kaka yake ili, kama alivyosema, isiharibike. Ua wa mpakani alikuwa ameupanda upya mara tatu, na kila mara ulionekana umetembea kidogo kuelekea kwenye nyumba yenye bati la buluu. Tayari majani ya kulisha ng'ombe wake yalikuwa yakiota karibu na kaburi la baba yao, pale pale Manasseh alipojichagulia nafasi tangu zamani, kando ya migomba. Hofu ya mzee haikuwa ya kijinga. Ilimchoma Nyamoita kwamba haikuwa ya kijinga.

"Na mashine?" akauliza.

"Nafasi ikiwepo nitaenda. Isipokuwepo sitaenda. Mkokoteni sipandi."

Basi hilo ndilo lililokuwa mezani: mtu achague mahali pa kuegeshwa akiwa hai au mahali pa kuwekwa akifa. Nyamoita alikwenda kwenye mashine yake ya kufuma akafuma kwa hasira hadi adhuhuri. Aliikasirikia ofisi, akaikasirikia Ikonge, akaukasirikia mlima. Halafu, katikati ya mkono wa sweta, akaikasirikia fomu yake mwenyewe. Ile ya kwake. Iliyojazwa kwa mwandiko mzuri wa mtu mwingine.

Alinyanyua simu akampigia Purity. "Mwanangu, nikuulize. Stika inapewa mwenye nyumba ama mwenye gari?"

"Mkazi yeyote mwenye gari, mathe. Awe mwanamke, mwanaume, sisi hatuchagui."

"Haya, asante," Nyamoita akasema, na sweta ile ikatoka mikono sawa.

Jumanne mkutano ulifanyika saa nne asubuhi katika chekechea ya mtaa, kwa kuwa ndio ukumbi pekee uliopatikana. Watu wazima walikaa kwenye viti vya watoto, magoti yakiwa karibu na masikio, Manasseh akiwamo. Mbele alikaa mkubwa wa Purity, aitwaye Masese, mtu wa heshima zake aliyekuwa amepewa kiti cha mwalimu na kwa hivyo akawaona wote kwa juu. Purity alikaa kando na faili na mhuri.

Na kwenye mstari wa kwanza, kwa koti zuri na viatu vilivyopakwa mafuta, alikaa Onchiri. Alikuwa ametoka Ikonge alfajiri. Alimsalimu Nyamoita kwa mikono miwili.

"Shemeji, nilisikia kaka ana shida ya pakingi nikasema siwezi nyamaza. Nimekuja kuwa shahidi. Nitawaambia hawa watu ukweli, kaka haishi Ikonge. Si ndio anataka?"

"Mungu akubariki, shemeji," Nyamoita akasema, na ilikuwa bahati Mungu hakuwa akisikiliza kwa makini.

Masese akafungua kikao. Akauliza nani ataapa. Kukawa kimya hadi akasikika bata anayetafuta chakula nje. Mogaka alijikuna sikio. Mwingine alikuwa anasoma alfabeti ukutani kwa bidii ya mtu anayeiona mara ya kwanza. Ndipo Onchiri akasimama, akavuta koti, akasema kwa huzuni iliyofanyiwa mazoezi kwamba kaka yake mpendwa Manasseh aliyepo hapa hajaishi Ikonge miaka mingi, kwamba nyumba imebaki ya popo, na kwamba yeye kama ndugu yuko tayari kuweka sahihi popote.

"Mzee Manasseh," Masese akageuka, "ni kweli? Makao yako ya kudumu ni hapa?"

Manasseh aliweka mikono kwenye magoti kujaribu kuinuka. Kiti cha chekechea kilimng'ang'ania. Jasho lilimtoka. Nyamoita alimwangalia na akajua kwamba mjinga huyu atasema ndiyo. Atasema ndiyo kwa ajili yake, kwa sababu alimwona akilia, na kisha atarudi nyumbani alale aelekee ukutani na asiamke. Alimpenda sana wakati huo, na alimkasirikia vile vile. Akamshika bega akamkalisha.

"Keti, Baba Linda. Hii fomu si yako. Ni yangu." Akasimama yeye, goti bovu na yote. "Bwana Masese, nina pingamizi."

"Sema, mama."

"Mimi nilizaliwa Nyamache. Nilipoolewa, ndugu zangu wakagawana shamba mpaka na chumba nililala. Siku hizi nikienda, bibi ya ndugu yangu ananipokea mlangoni ananiambia karibu mgeni. Ananipikia kuku, simlaumu. Nikaletwa Ikonge. Miaka arobaini na moja. Wanaponiita wanasema nini? Wanasema yule wa Nyamache. Shemeji Onchiri, ni uongo?"

Onchiri akacheka kidogo. "Sasa shemeji, hiyo ni mazoea tu ya watu."

"Ni uongo?"

"Si uongo."

"Karatasi ya shamba la Ikonge, jina langu liko?"

"Mwanamke yuko ndani ya jina ya bwana yake, shemeji."

"Haliko," Nyamoita akamwambia Masese. "Basi mimi sina shamba la kupoteza. Hawa wazee wanaogopa kusema wanaishi hapa kwa sababu wako na kwingine. Sawa, waogope. Mimi kwingine hawajawahi kunipatia. Nimekaa kwa huu mtaa miaka thelathini na moja. Hapa ndio nalala, hapa ndio nafuma, hapa ndio nagonjeka, na hakuna mtu wa Mtaa wa Ngazi amewahi kuniambia karibu mgeni. Hata wezi wananijua jina. Naapa. Andika: makao ya kudumu, Mtaa wa Ngazi, mlango wa kijani."

Alikuwa amekuja kwa hila ya pakingi tu. Alipofika mwisho wa maneno yale alishangaa mwenyewe, kwani yote yalikuwa kweli na hakuwa amewahi kuyasema kwa mpigo mmoja. Chumba kizima kilimwangalia. Manasseh alikuwa amemkodolea macho kama anayesoma mizani isiyoeleweka.

Masese akakohoa. "Na mzee? Yeye tumwandike wapi?"

"Mzee ni wa Ikonge. Fomu yake mko nayo, na mwandiko ni mzuri. Msiiguse. Ipigeni mhuri na mnipe nakala."

"Lakini, mama, kama makao yake ni Ikonge, hapa mjini anafanya nini?"

"Ni mgeni wangu."

"Amekuja lini?"

"Tisini na tatu."

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Hata bata alinyamaza. Purity alicheka hadi akakosea karatasi, akapiga mhuri kwenye daftari la chekechea kwanza, kisha akapiga kwenye fomu ya Manasseh: makao ya kudumu, Ikonge, imethibitishwa. Onchiri aliukodolea macho mhuri ule. Alikuwa ametoka Ikonge gizani kuja kushuhudia kaka yake akiandikwa kuwa si wa kule, na sasa karatasi ya serikali ilisema ni wa kule hasa, na sahihi ya shahidi ilihitajika, na mbele ya watu alikuwa ametangaza yuko tayari kuweka sahihi popote. Purity akampa kalamu.

Kabla wino haujakauka, Kwamboka alisimama. "Na mimi niandike hapa. Huyu Mogaka ni mgeni."

"Mgeni?" Mogaka akaruka, kiti kikaruka naye. "Mimi nimezaliwa kwa huu mtaa! Juu ya kaunta!"

"Wewe umeandika Nyamache kwa herufi kubwa. Nenda Nyamache upaki huko."

Wakasimama wengine, mmoja baada ya mmoja, wanawake kumi na watano wakijichomoa kutoka viti vya watoto, kila mmoja akitaja mlango wake. Wanaume walibaki wameketi. Kufikia saa sita Mtaa wa Ngazi ulikuwa na wakazi kumi na saba wa kudumu, wote wanawake, na wageni kadhaa wasiojulikana wataondoka lini. Kwa mujibu wa kanuni, mgeni anaruhusiwa kutumia nafasi ya mkazi akiwa na kibali cha maandishi. Mogaka bado hubeba chake mfukoni, kilichoandikwa na Kwamboka kwenye risiti ya misumari, na huombwa akionyeshe mara nyingi kuliko inavyohitajika.

Nyamoita alipewa nambari nne.

Alhamisi ilifika. Waliporudi kutoka kwenye mashine, mtaa ulikuwa umejaa kama kawaida, lakini mbele ya mlango wa kijani palikuwa na mstatili wa njano, mtupu, na bwana mwenye tai alikuwa ndani ya gari lake kule chini akizunguka mara ya tatu. Nyamoita aliegesha taratibu kuliko ilivyohitajika. Akazima gari. Manasseh hakushuka. Alikuwa mweupe midomo, amechoka, mikono mapajani. Tangu Jumanne hakuwa ameligusa jambo lile.

"Mama Linda."

"Naam."

"Yale ulisema pale. Ulikuwa unasema kwa sababu ya stika, ama ni ukweli?"

Nyamoita alichomoa ufunguo. Angeweza kumpa jibu la kumpoza, na kwa mgonjwa aliyetoka kwenye mashine pengine ndilo lililofaa. "Ni ukweli."

"Miaka yote hiyo?"

"Miaka yote hiyo."

"Na hukuniambia."

"Ulikuwa unanijazia fomu. Hukuuliza."

Kule kwenye bucha mtu alikuwa akibishana juu ya mfupa. Kisha Manasseh akafungua mlango wa gari mwenyewe, akashika paa, akajivuta. Nyamoita alizunguka upesi kumshika, naye akamkataza kwa kiganja. Hatua moja, mbili. Alipumua. Tatu, nne, tano, sita. Mlango wa kijani ulikuwa umerudishwa tu, haukufungwa. Angeusukuma kwa kidole kama alivyousukuma miaka thelathini na moja.

Hakuusukuma. Alisimama akaweka sawa kola ya shati, akainua mkono, akabisha mara tatu kwenye mbao.

"Hodi," akasema, na akangoja.

Nyamoita alikuwa nyuma yake na kikapu cha dawa. Mzee alingoja pale mlangoni, bila kugeuka, mpaka mwenye nyumba akamkaribisha.